Kibiriti cha Wifi

Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi iliyoungua, narudi asubuhi ile. Namwona wifi yangu amechuchumaa miguuni pa kaka yake, yaani mume wangu, na kijiti cha kibiriti mkononi.

Mume wangu ni fundi rangi. Siku hiyo alishinda juu ya ngazi akipaka nyumba ya dada yake, kisha akala wali hadi akalegeza mkanda. Tukalala huko huko. Asubuhi hakuweza kuinua hata mguu.

"Mke wangu, mwili umekataa tena," akaniambia.

Ukoo ulishampa jina zamani: Gogo.

"Anadeka tu huyo," wifi akasema. "Dawa yake ninayo."

Kabla sijamfikia, moto ulishagusa unyayo. Mtoto wa kwanza wa wifi, aliyevaa soksi kama kawaida yake hata kwenye joto, akageukia ukutani. Mguu wa mume wangu haukutikisika, lakini machozi yalimtoka. Aliusikia moto wote asiweze kuukimbia. Wifi akacheka! Nikaita gari, mimi na wifi tukampakia.

Hospitali walimpima damu, wakampa dawa, na mchana akaanza kukunja magoti. Daktari akatueleza. Ndani ya misuli kuna protini, mlango mdogo wa kalsiamu, unaopokea amri ya neva ili msuli ukaze. Wa mume wangu una kasoro. Akila wanga mwingi au akipumzika baada ya kazi nzito, potasiamu hushuka katika damu, mlango unavuja, na msuli hausikii amri tena. Maumivu anayasikia kama kawaida.

"Kwa hiyo si uvivu?" wifi akauliza, akijipepea na mtandio.

"Si uvivu, mama. Ni ugonjwa wa kurithi. Mwanamke anaweza kuubeba asiumwe, akampa mwanawe. Kuna mwingine kwenu anayeamka hivi?"

Mtandio ukasimama. Sote tulimjua. Mwanawe yule yule, tuliyemwita Goigoi, ambaye haamki kila baada ya sherehe.

"Hakuna," wifi akasema.

Jioni, tuliporudi kwa wifi, nilimkalisha mtoto huyo kitandani, nikamvua zile soksi mwenyewe. Hakubisha. Nyayo zote mbili zilikuwa na madoa ya moto, mengine makovu, mengine mabichi.

"Mkazamjomba," akaninong'oneza, "usimwambie mama umeona."