Kura Isiyo na Namba

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu haukuumbwa kukaa kimya. Sheria ya wafungwa kupiga kura ilipopita, watu wa kata yetu walikuja juu. Mimi, mgombea udiwani, nikapanda jukwaani nikasema mfungwa amefungwa mwili, akili hajafungwa. Mpinzani wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akacheka hadi akashika tumbo.

"Shemeji anatafuta kura ya mumewe!"

Ni kweli mume wangu alikuwa ndani. Alikuwa mtunza stoo wa shule, akasaini kupokea mifuko mia mbili ya saruji ambayo hakuna aliyeiona, na saruji yenyewe ilitoka duka la huyohuyo anayecheka. Saini ile ikampa miaka miwili. Tangu hapo hasaini kitu. Gerezani sabuni haitolewi bila saini, basi kila Jumapili nampelekea mimi, mwanamume mzima kama mtoto wa bweni.

Vituo vya uraiani vilipomaliza kuhesabu, nilikuwa nyuma kwa kura arobaini na moja. Sikutikisika. Gerezani walipiga kura watu mia moja na kumi na nane, na wote walijua nani aliwapigania. Nilishaanza kuwaza mshono wa nguo ya kuapishwa.

Sanduku la gerezani lilifunguliwa asubuhi iliyofuata, kwenye bwalo, mbele yetu sote. Msimamizi wa kituo, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, akainua karatasi ya kwanza. Tiki nene kwenye picha yangu. Nikaachia tabasamu.

"Imeharibika," akasema.

"Imeharibikaje na tiki naiona?"

"Ameandika namba yake ya mfungwa, akapiga na dole gumba. Chochote kinachomtambulisha mpiga kura kinaharibu kura, mama."

Ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu vilevile, na huyo akaongeza, "Nimepokea moja." Watu wale wanasaini blanketi, wanasaini sabuni, wanasaini hata sindano. Nikamgeukia mkuu wa gereza nikamfokea.

"Tuliwafundisha kutiki," akasema kwa unyonge. "Kutosaini hatukuwafundisha, maana hapa kupokea kitu bila kusaini ni kosa."

Kura mia moja na kumi na saba, zote zangu, zikaishia kwenye rundo la zilizoharibika. Ikabaki moja. Safi, haina namba, haina dole. Nikasogelea meza, maana gereza zima nilimjua mtu mmoja tu asiyesaini. Msimamizi akaigeuza tuione. Tiki ilikuwa kwa mwenye duka.

Jumapili nilikwenda na macho yamevimba. Sikumsalimia.

"Umempigia yule! Yule aliyekuponza!"

Hakubisha. Alishika wavu unaotutenganisha, akaangalia chini.

"Nimebakiza miezi saba," akasema. "Nitarudi sina kazi, jina limechafuka, nikukute wewe mheshimiwa na wageni wako sebuleni. Utaniweka wapi, mke wangu?"

Niliona aibu, nasema kweli. Nilibisha hodi kila nyumba ya kata hii. Nilimbembeleza hadi bibi asiyesikia. Huyu nilimletea sabuni, na kura yake sikuwahi kumwomba, kwa sababu niliihesabu kuwa yangu.

Askari akatazama saa. Nikafuta machozi kwa ncha ya khanga, nikajiweka sawa kama niko jukwaani.

"Miaka mitano ijayo nagombea tena," nikamwambia. "Kampeni naanza leo, na naanza na wewe. Naomba kura yako."

Nilitegemea acheke. Akafikiri, mume wangu yule, akafikiri kwelikweli.

"Nitasikiliza sera kwanza," akasema.