Mikono ya Mzee Leonardi

...tena, tikisa tena, Elikana, labda ni jeki tu haijakaa vizuri, kushoto, kulia, mikono miwili kwenye tairi, na lile dude linajibu tak, tak, taratibu kama mgeni mwenye haya mlangoni, hapana, si jeki, ncha ya rodi ya usukani ndiyo imekwisha, inacheza kama jino la mtoto, na Mungu wangu, inacheza hivi tangu lini... tangu siku ile, siku gani nyingine, Mzee Leonardi alipokileta hiki kigari chake chekundu cha milango miwili, cha zamani kuliko fundi yeyote hapa Bangwe, akasema kijana wangu, nikikanyaga mafuta barabara ya Ilagala usukani unatetemeka, na yeye Elikana, fundi wa mafundi, aliyeikimbia shule kidato cha pili eti magari yanamwita, hata jeki hakupiga, gereji imejaa watu, utani umeshafika mdomoni, angeumezaje, "Mzee, gari hili ni zima, mikono yako ndiyo inataka girisi!", wakacheka mpaka Samson, fundi mwenzake, akaangusha spana, na mzee naye akacheka, huku anaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama na upande wa pili...

"Fundi, umeona nini?" ni Winfrida, binti wa mzee, amekaa kwenye usukani, "mnunuzi anakuja jioni, baba hataki tena kuendesha, siku hizi hata chai hanywi mbele za wageni, anasema mikono..."

Mikono, mzee ameibana katikati ya magoti, kiti cha abiria, yeye, kwenye gari lake mwenyewe, sasa ametoa mmoja kumfukuza nzi na umetulia tuli, umetulia kuliko huu wa Elikana, basi badilisha kimya kimya, bwana, kifaa kidogo tu, nani atajua, binti ataendesha, usukani utatulia, watasema Elikana mkali, na mzee... mzee ataona usukani umetulia mikononi mwa mwanawe, ataamini kosa lilikuwa mikono yake, atakufa anaamini, na utani utakuwa kweli kwa spana yako mwenyewe, tak, sema basi, domo lote lile leo limekwenda wapi, tak...

"Imekubali, kijana wangu?" mzee anauliza, mkono umesharudi magotini.

Tairi bado lipo mikononi, bado linacheza.

"Mzee," anasema, na hakuna utani wowote nyuma ya neno hilo, "shuka kidogo. Naiomba mikono yako hapa, kwenye tairi."