Nyundo Upande wa Kulia

Mikanda ya Bibi Mbuke haikuwa ya kushikilia suruali. Pale Segese, mchimbaji akikwambia "leo nimevaa Mbuke," ujue amevaa mkanda mpana wa turubai lililokunjwa mara tatu, wenye kamba mbili za kupita mabegani ili usiteleze, na kila kitu anachoshuka nacho shimoni kina mahali pake. Bibi alisoma mpaka darasa la tatu, na hakuwahi kushuka shimo lolote. Ila aliwahi kuuosha mgongo wa mumewe, aliyedondoka chali na moko, ile patasi ya chuma ya kupasulia mwamba, ameuchomeka kiunoni nyuma. Kuanzia siku ile alijua mkanda unatakiwa uweje.

"Mgongoni usiweke kitu," aliwaambia vijana huku sindano ikipanda na kushuka. "Ukianguka chali, chuma kinakutangulia kwenye uti. Tumboni nako usiweke kitu, maana huko chini mnatambaa kama mijusi. Mzigo ukae kwenye nyonga, huku na huku, uzito ulingane, la sivyo jioni utatembea kama bata. Moko uingie kwenye ala, ncha itazame chini, na ncha yenyewe uichomeke gunzi la mahindi. Maji kushoto. Nyundo upande wa mkono unaokula."

Nyundo aliifunga kwa fundo lake mwenyewe: ukilivuta mara moja, kwa mkono mmoja, gizani, linaachia. Maana shimo likishuka, yaani likiporomoka, sauti ya mtu haifiki juu, kifusi kinaimeza. Kinachopita kwenye mwamba ni mlio wa chuma. Wachimbaji wote walilijua hilo: aliyefukiwa anagonga tatu, anapumzika, anagonga tatu; walio juu wanaufuata mlio.

Jumatatu jioni Mabula alikuja kuchukua wa kwake. Mabula ni mjukuu wake, aliyemlea tangu anaota meno, sasa ni baba wa watoto wawili. Na Mabula ni mashoto. Utotoni Bibi alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila ugali ulipotengwa, mpaka akazoea kula kwa wa kulia. Ila ni ulaji tu uliokubali. Kurusha mawe, kukata kuni, kupiga nyundo, vyote vilibaki kushotoni.

Akauvaa mkanda, akajigeuza mbele ya mlango. "Bibi, hapa hata winchi ya kutushusha itanitongoza."

"Itakutongoza ikakuangusha. Tulia nikaze bega."

"Ila nyundo nihamishie kushoto. Huku kulia, kila nikiitaka lazima nijizungushe kama mbwa anayetafuta mkia wake."

"Mkono wa kushoto si wa kazi."

"Mwamba haulijui hilo, Bibi. Mimi nagonga kwa huohuo."

"Hakuna mkanda wangu hata mmoja wenye nyundo kushoto. Watasema Mbuke macho yamekwisha, sasa anashona kinyumenyume."

Mabula akacheka. "Haya, mama mkwe wa wachimbaji wote. Basi kesho jioni, ukipata uzi."

"Kesho," akasema Bibi, ili anyamaze tu.

Uzi ulikuwepo. Ulikuwa mapajani mwake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, duara, shimo la kina Mabula, lilishuka.

Bibi Mbuke alifika akiwa na kandambili mguu mmoja, nyingine hajui ilibaki wapi. Chini ya shimo lile palikuwa na njia mbili: njia mpya, walikokuwa wakichimba, na njia ya zamani, ya upande wa kushoto, waliyokwisha kuiacha. Kifusi kilikuwa kimeziba midomo ya zote mbili. Wenzake Mabula walitoka na michubuko. Yeye peke yake hakutoka.

Wakachimba njia mpya Jumanne nzima. Wakapishana zamu, wakatoa kifusi kwa ndoo, wakapiga matimba ya kushikilia paa. Kila baada ya muda Sostenes, msimamizi wa duara, aliinua mkono, watu wote wakanyamaza, wakatega masikio kusikia nyundo. Palikuwa na ngurumo ya pampu tu, ile inayovuta maji ya chini.

Bibi alikaa juu ya kiroba cha mchanga, pembeni yake Rebeka, mke wa Mabula, aliyekuwa amejifunga kanga tumboni kama mtu mwenye njaa. Kila mkono wa Sostenes ulipopanda, roho ya Bibi ilipanda nao. Kila uliposhuka, kitu kilimkatika.

Jumatano, saa nane mchana, Sostenes akamwendea. Alichuchumaa, akavua kofia ngumu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema."

"Siku ya pili hii hatujasikia hata mlio mmoja. Nyundo ingesikika, Bibi, hata pampu ikinguruma. Na mkanda alikuwa nao, tena wa kwako, haudondoshi kitu." Akaipindua kofia mikononi. "Mtu mwenye nyundo na pumzi anagonga. Vijana wangu wamechoka, na paa linadondosha kokoto. Tukiendelea kubahatisha nitazika wengine."

Rebeka akaanza kulia kwa sauti ya chini, ile isiyoomba chochote.

Bibi Mbuke akauangalia uso wa Sostenes, akaona haukuwa uso wa mtu mbaya. Angemlaumu, ingekuwa rahisi. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo je? Huyo guu lake linabaki zima, anavunjika mwingine.

"Sostenes," akasema, "nyundo haigongi kwa sababu mimi nimeifunga kulia."

"Sijakuelewa."

"Mabula ni mashoto. Aliniomba niihamishe, nikamkatalia. Nilikuwa na uzi, baba. Nilikuwa na uzi na jua lilikuwa bado!" Sasa wachimbaji walikuwa wamesogea, wale wale waliovaa kazi ya mikono yake viunoni, na aibu ilimchoma kama moto wa pumba. Akaendelea hivyo hivyo. "Mkono wa kulia ukibanwa na jiwe, wa kushoto haufiki kwenye lile fundo. Nimelifunga mimi, nalijua. Kimya hiki si kifo. Ni ujinga wangu."

"Sasa atagonga na nini?" akauliza Luka, kijana wa winchi, rafiki wa Mabula.

"Kushoto ana nini?"

Luka akashika mkanda wake mwenyewe, akapapasa kama kipofu. "Chupa ya maji tu. Moko nao uko kulia."

"Ya plastiki. Kama bado ana roho, kiu imeshaimaliza na sauti imeshamkauka. Chupa tupu ukiiminya inalia. Nyinyi mnasikiliza nyundo, na pampu inawafunika. Zimeni pampu. Sikilizeni chupa."

Sostenes akasimama. "Pampu ikizimwa maji yanapanda. Nikichelewa kuwasha, kama yuko hai namzamisha mwenyewe."

"Na usipozima?"

Sostenes akatazama shimo, akatazama anga, kisha akaenda mwenyewe kwenye mashine. "Dakika ishirini, Bibi. Ya ishirini na moja sikusikilizi."

Pampu ikafa. Kimya kilichoshuka pale kilikuwa kizito kuliko mngurumo. Luka akateremshwa kwa kamba, nyundo yake wameiondoa mkandani isije ikagonga chuma.

Bibi hakujua kuhesabu dakika. Alihesabu mishono: sindano kupanda, sindano kushuka, vidole vikitembea hewani. Alipofika mia mbili, kamba haijatikisika. Mia nne. Sauti ya Luka ikapanda, nyembamba: "Njia mpya hamna kitu! Maji yako kwenye vifundo!"

"Nenda ya zamani!" Bibi akapiga kelele.

"Ya zamani angefuata nini?" mmoja akanong'ona.

"Alikimbilia kushoto," akasema Bibi. "Hofu inapomshika yule, huwa anakimbilia kushoto."

Mia sita. "Magotini!" Sostenes akaushika mkono wa kuwashia mashine, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Mia saba. Bibi alikuwa ameacha kuomba. Midomo ilikuwa ikisema tu ng'wana wane, ng'wana wane, mwanangu, mwanangu, kama mtu anayebembeleza mtoto asilale.

Kamba ikatikisika kwa nguvu.

"Mayu!" Luka alikuwa akilia huko chini. "Mayu, mama yangu, inalia! Kra, kra, kra, halafu inapumzika! Washeni pampu, leteni watu huku!"

Walimtoa Alhamisi asubuhi. Alikuwa hai. Mkono wa kulia ulikuwa umelala chini ya gogo la timba tangu Jumanne, na nyundo ilikuwa pale pale nyongani, fundo halijaguswa.

Wodini Kahama daktari aliukata mkono ule wa kulia juu ya kiwiko.

Siku ya tatu Bibi alifika na uji kwenye chupa ya chai na bakuli la bati. Mabula alikuwa ameegemea mto, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Bibi akamimina, akapuliza, akachota kijiko, akakipeleka kinywani. Mabula akakaza midomo, akageuzia uso ukutani, kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto.

Bibi akarudisha kijiko bakulini. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, vidole vina vidonda vya kuiminya chupa siku mbili. Ndio huu aliokuwa akiufunga kwa kipande cha kanga. Akaushika, akaufungua kidole kimoja kimoja, akaweka kijiko humo.

"Kula, baba," akasema. "Kula kwa huohuo."