Mkono wa Restuta Kabla ya Gitaa

Jumapili ya tatu ya Agosti gitaa lilimpiga Dionisi shoti ya nne, na safari hii alitukana. Halikuwa tusi kubwa, ila maiki ilikuwa karibu, na kanisa zima pale Mlabani lilimsikia mpiga solo wa kwaya akiliita gitaa lake mbwa katikati ya wimbo wa mwanzo. Watoto walicheka. Wazee walikohoa. Mkewe Restuta, anayeimba sauti ya kwanza, alificha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika.

Baada ya misa mwenyekiti wa kwaya, mzee Teofili, alimvuta pembeni.

"Jumapili ijayo ni jubilei ya paroko. Askofu atakuwepo. Ukiruka tena kama chura kwenye kikaango, solo anapiga Bryson."

Bryson wa besi alikuwa amesimama hapohapo, anakunja waya ambao ulikwisha kukunjwa.

Dionisi amepiga solo miaka kumi na tisa. Mpunga kila mtu analima. Gitaa ndilo kitu pekee anachokifanya vizuri kuliko wengine, na anajua hivyo, na watu wanajua kwamba anajua.

Jumatano akamleta Ignas, fundi umeme. Ignas akapitisha testa kwenye soketi, kwenye amplifaya, kwenye nyuzi. Mwishowe akamtazama Dionisi juu mpaka chini.

"Gitaa zima. Amplifaya nzima. Mbovu ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe na hilo zulia."

Zulia lilikuwa jipya, la nailoni, zawadi ya wanaparokia wanaoishi Dar es Salaam, limetandikwa kutoka mlangoni hadi altareni. Na desturi ya kwaya ile ni kwamba mpiga solo ndiye anayekwenda mlangoni kumpokea padre. Anamtangulia akicheza, miguu anaiburuza, wenzake wakiimba kwa ngoma tu. Akifika mbele ndipo anashika gitaa.

"Viatu vya mpira, joho la nailoni, zulia la nailoni, na kiangazi hiki hewa kavu," alisema Ignas. "Ukifika mbele umejaa umeme, na chuma cha kwanza kugusa ni nyuzi."

"Basi tutoe zulia."

"Thubutu," alisema Teofili, aliyekuwa amekaa benchi la mbele akiwatazama.

"Basi ninyanyue miguu."

"Kama bata? Mbele ya askofu? Ngoma ya kumpokea padre inaburuzwa."

Jumamosi kwenye mazoezi Dionisi akacheza zulia lote, huku Ignas anaangalia. Alipofika mbele, Balbina wa sauti ya pili, aliyekuwa akimtania wiki nzima, akamnyoshea mkono.

"Hongera, Bwana Transfoma."

Paa! Balbina akaruka, kandambili moja ikabaki nyuma. "Mama yangu! Restuta, mumeo ameniua!"

Dionisi akalishika gitaa haraka. Kimya. Halikuuma.

"Umeona?" alisema Ignas. "Umeme wote umeishia kwa Balbina. Kabla ya gitaa, mshike mtu aliyesimama kwenye saruji. Basi."

"Nani atakubali?" aliuliza mwenyekiti.

Wanakwaya thelathini wakaficha mikono nyuma, kama watoto walioulizwa nani kalamba sukari. Restuta akasogea mbele.

"Nimeishi naye miaka ishirini na mbili. Atanishtua na nini tena?"

Wote walicheka isipokuwa Dionisi. Mwanamume wa rika lake, mzaliwa wa Michenga, hamshiki mkewe mkono mbele ya watu. Wakienda sokoni yeye yuko mbele hatua kumi. Hata siku ya ndoa yao padre aliwaambia mara mbili wapeane mikono. Na kesho ndugu zake wote wangekuwa kanisani.

"Hakuna mwingine?" aliuliza.

"Yupo," alisema Teofili. "Bryson. Huyo atashika gitaa."

Jumapili Dionisi alimpokea paroko na askofu kwa miguu iliyosugua zulia kama msasa. Alipofika mbele, Restuta alikuwa amesimama kwenye saruji, kiganja juu, kama mtu anayepima mvua. Dionisi akatazama benchi la tatu. Mdogo wake Faustino na mkewe Levina walikuwa wamekodoa macho. Akalitazama gitaa. Ilibaki mipigo minane solo iingie. Bryson akasogea nusu hatua.

Dionisi akaushika mkono wa mkewe.

Cheche ililia. Restuta hakupepesa jicho. Ila hakuachia.

"Mama Emanuel, niachie, naingia."

"Niombe vizuri."

"Tafadhali."

"Tafadhali nani?"

"Tafadhali, mke wangu."

Wanawake wa mbele wakapiga vigelegele. Askofu akadhani ni vyake, akainua mkono kubariki. Dionisi aliingia amechelewa mpigo mmoja, masikio yanamwaka, lakini vidole vilitembea kwenye nyuzi bila woga, na alipomaliza Bryson mwenyewe alitikisa kichwa kwa kukubali.

Nje, Faustino alikuwa anamsubiri, mikono kifuani.

"Shikamoo, kaka. Kile nilichokiona mle ndani ni kitu gani?"

"Marahaba. Ni umeme. Nisipomshika, gitaa linanipiga. Muulize fundi."

Faustino alishusha pumzi. Kumbe ni mambo ya kiufundi. Alipogeuka aondoke, Levina alikuwa amekwisha kumnyoshea mkono, katikati ya umati.

"Sisi hatuna gitaa," alisema Faustino.

"Nunua," alisema Levina.