Dakika ya Chumba

Miaka ishirini na mbili nimekula mshahara wa chuo kikuu kwa kazi ya kusikiliza maiti. Nasoma vitabu vya Ufaransa ya miaka mia nne iliyopita, nikitafuta ndani yake kelele za mitaani: kengele, magurudumu, wauza maziwa wakinadi. Juu ya wauza maziwa hao nimeandika vitabu viwili. Mama yangu aliuza maziwa mtaani miaka thelathini, na juu yake sikuandika hata mstari. Nilipokuwa shule, nikisikia mwito wake unakuja, nilijificha chooni. Niliona haya, sina la kujitetea.

Kisha daktari akatuambia uvimbe wa kooni mwa mama umefika pabaya. Kesho yake saa nne wangeondoa zoloto lote, na sauti pamoja nalo.

Siku hiyo nilifika wodini saa mbili asubuhi na kinasa sauti. Mama alikuwa ameketi kitandani, sauti imebaki ya kukwaruza.

“Profesa,” akanitania, “leo umekuja kununua maziwa?”

“Nimekuja kurekodi mwito wako, mama. Ule wa mtaani.”

“Si ndio ule uliokuwa ukiukimbia?”

Kumbe alijua. Nikainamia nyaya zangu.

“Haya, washa hicho kidude. Koo hili litatoa mara moja tu, mwanangu, la pili sina.”

Katika kazi yetu, kabla mtu hajafungua mdomo, tunarekodi chumba kitupu dakika nzima, ili baadaye tuweze kuitenga sauti na kelele za mahali. Mwanafunzi akisahau, namfelisha. Nikamwomba mama anyamaze dakika moja. Kitoroli cha dawa kikapita kikilia magurudumu, nikaanza upya. Mgonjwa wa jirani akakohoa, nikaanza tena. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na mimi nilikamia. Mara ya tatu mama akainua kidevu, akajaza kifua. Zilibaki sekunde kumi.

“Bado, mama,” nikasema.

Mlango ukafunguliwa. “Ratiba imebadilika, mama,” nesi akasema. “Tunaanza na wewe.”

“Dakika moja tu, dada, nakusihi!”

“Daktari ameshanawa mikono.”

Mama alijaribu palepale. Kikatoka kikohozi, kisha damu, wakamsukuma mbio.

Siku ya nne alipoweza kushika kalamu, aliandika kwenye daftari: *Weka nisikie.*

Nilitaka kudanganya kwamba betri imekwisha, nikashindwa. Nikaweka. Tukasikiliza wodi ikiwa kimya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha ikaja pumzi yake, pana, ya mwanamke anayejitwika ndoo ya maziwa. Baada yake sauti yangu, safi kabisa, ya mwalimu: “Bado, mama.”

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani anacheka, mpaka alipogeukia ukutani.