Gari Lililokunywa Ng'ombe

Ledama alinunua lile gari mwaka ambao nyasi zilikuwa nyingi. Aliuza madume yake kwenye soko la mifugo la Kajiado, akaenda Kitengela akalichukua kwa mtu mmoja aliyekuwa akilitumia wikendi kupanda milima na kuvuka mito kwa raha zake tu. Lilikuwa pikapu la zamani, rangi imebabuka, lakini lilikuwa limefungwa tairi kubwa kupita kiasi, zinazomfika mtu mzima kiunoni. Alipoliingiza nyumbani kwake, mbele kidogo ya Mashuuru, watoto walilikimbilia wakipiga kelele, "Oltome! Oltome!" yaani ndovu. Likabaki na jina hilo.

Mkewe, Seleyian, alilizunguka mara moja kisha akauliza, "Na hii inakula nini?"

"Dizeli."

"Hiyo najua. Nauliza inakula kiasi gani."

Ledama alicheka tu. Jibu alilipata baadaye kwa Musau, fundi wake wa Kitengela, alipompelekea gari akilalamika kwamba tangi linakauka kama lina tundu. Musau aliingia chini ya gari, akatoka akijipangusa mikono.

"Hakuna tundu. Ni tairi. Injini ni ileile ya kitambo, lakini umeivalisha viatu vya ndovu. Kila ukitoka inavuta mzigo ambao haikutengenezewa. Gia ya tano si huwezi kuitumia?"

"Nikiiweka gari inakufa nguvu."

"Ndio hivyo. Mafuta iliyokuwa inakupeleka na kukurudisha, sasa inakupeleka tu. Tutoe hizi, tuweke za kawaida."

"Na mvua ikinyesha? Wewe unajua udongo wetu."

Musau aliujua. Ni ule udongo mweusi ambao ukilowa humeza gari hadi milangoni. Hakubishana naye. Na kwa kweli mvua ziliponyesha, magari ya watu wengine yalinasa, Oltome akapita. Alimbeba mama aliyeshikwa na uchungu hadi hospitali, akambeba bibi harusi, akabeba mabati ya kanisa. Watu walimpungia Ledama mkono kutoka mbali. Mafuta yalimuuma, lakini maziwa yalikuwepo, na ng'ombe walikuwa wakizaa.

Kisha mvua ikakosa msimu mmoja, ikakosa na wa pili. Ilipokosa wa tatu, majirani walikusanya mifugo wakaelekea upande wa Chyulu, ambako walisikia kuna majani. Walimwita Ledama waende pamoja. Alikataa.

"Wale ng'ombe watafia njiani," alimwambia Seleyian. "Sisi tuko na gari. Nyasi nitawaletea hapahapa."

Nyasi zilipatikana Kitengela, marobota makavu yaliyoletwa na wafanyabiashara kutoka mbali. Ledama aliuza ng'ombe mmoja, akanunua nyasi na dizeli, akarudi amejaza. Nyasi zilipokwisha, akauza mwingine. Mwanzoni ng'ombe mmoja alitosha safari nzima na chenji ikabaki. Lakini bei ya mifugo iliporomoka kadiri ilivyozidi kukonda, na dizeli haikushuka. Ikafika mahali ng'ombe mmoja aliishia kwenye tangi, na wa pili ndiye aliyenunua nyasi. Seleyian aliyaona hayo mapema.

"Baba Naserian," alimwambia asubuhi moja, akiwa ameegemea lango la boma, "hii gari haibebi nyasi. Inakunywa ng'ombe."

"Nifanye nini sasa? Nao hawawezi kutembea tena."

"Iuze."

"Nimejaribu. Kila mtu anajua vile inakula. Hata yule aliyeniuzia hataki kuisikia."

Seleyian aliingia bomani akamwinua ndama kwa kumshika mkia na shingo.

Safari ya mwisho, Ledama aliondoka na dume lake la mwisho. Alimuuza Kajiado kwa mnunuzi aliyembonyeza mbavu akatikisa kichwa. Huko Kitengela alipita kwa Musau kuuliza kama anaweza kumbadilishia tairi, zile kubwa zikae kwake kama malipo. Musau alimwangalia kwa huruma.

"Ndugu yangu, ungekuja wakati ule. Sasa ni nani atanunua hizi kwangu? Kila mtu anatafuta gari ya kula kidogo."

Ledama akaenda kupakia nyasi. Alikuwa amejipangia: nyasi kiasi hiki, mafuta ya kumfikisha nyumbani, basi. Marobota yalipokuwa yakifungwa kamba, simu ikalia. Alikuwa Seleyian.

"Nanyokie amekataa kusimama."

Nanyokie alikuwa ng'ombe mwekundu, mama wa karibu nusu ya boma. Watoto wao wote walikuzwa na maziwa yake.

"Mpe maji. Nakuja."

"Nimempa. Anataka kula, Ledama. Ananiangalia mikono."

Ledama alikata simu. Kisha akamwambia muuzaji aongeze marobota mengine juu. Pesa zilitoka kwenye zile za dizeli. Alijiambia ataendesha polepole, ataachilia gari mteremkoni, atafika. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo alichovya kijiti kwenye tangi, akakitazama, akakitupa.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka mbele. Mzigo ulikuwa mrefu, na Oltome aliguna hata mahali tambarare, Ledama akirudi gia ya tatu tena na tena. Alipita Isinya. Aliikata kona akaiacha barabara ya Namanga, akashika njia ya Mashuuru, akaanza kuamini. Ndipo injini ikakohoa, ikavuta tena, ikakohoa. Gari likaenda kwa mwendo wake lenyewe hadi likasimama kando ya njia.

Alimpigia mtu wa bodaboda anayemfahamu, amletee mtungi wa dizeli kwa deni. Yule akakubali, ila akasema yuko mbali, asubiri. Ledama akaketi kwenye kivuli cha tairi.

Kwanza alisikia kengele. Kisha vumbi, kisha ng'ombe wakajitokeza kwenye miiba, mifupa mitupu, wakitembea kama walevi. Nyuma yao alikuwa mwanamke mzee mwenye fimbo, shuka lake limefifia kabisa. Ledama alisimama akamwamkia kwa Kimaasai, akimwita mama.

"Takwenya, yieyo."

"Iko." Mama yule aliitikia salamu, akapumua. "Vijana wangu walienda na wale wenye nguvu. Mimi niliachiwa hawa."

Hakumaliza. Ng'ombe wa mbele alikuwa ameinua pua. Upepo uliokuwa ukimsumbua Ledama njia nzima sasa ulikuwa unapeleka harufu ya nyasi moja kwa moja kwao. Ng'ombe ambao hawakuwa na nguvu ya kunyanyua miguu walianza kukimbia. Wa kwanza aligonga ubavu wa gari kwa kifua, akachomoa nyasi kwa ulimi. Wengine wakamfuata.

"Warudishe!" Ledama alipiga kelele. "Mama, warudishe!"

Yule mama alikimbia, akapiga fimbo, akavuta mkia wa mmoja hadi akaanguka chini. Ng'ombe hakugeuka. Ledama naye alishika fimbo yake akaiinua juu ya mgongo wa ng'ombe wa karibu. Mgongo ulikuwa na vidonda mahali mfupa ulipotoboa ngozi. Ng'ombe alifumba macho kusubiri kupigwa, lakini hakuacha kutafuna.

Ledama alishusha fimbo. Hakuweza.

Kamba zilikatika. Marobota yaliporomoka, yakafumuka, yakakanyagwa. Alipanda juu akaokoa machache kwa kuyasukumiza ndani na kuyafungia mlango. Mengine aliyaangalia yakiisha. Mama yule alikuwa ameketi vumbini, mikono kichwani.

"Mwanangu, nimeshindwa kuwashika," alisema. "Nyumbani kwako useme ni mimi. Naitwa Elizabeth. Useme Elizabeth ndiye amekula nyasi yenu."

"Wana njaa tu, yieyo," Ledama alijibu.

Bodaboda alipofika na mtungi, gari lilikuwa jepesi. Lilipanda vilima bila kuguna.

Seleyian alikuwa amesimama langoni. Aliliangalia sanduku tupu la nyuma, akamwangalia mumewe, akangoja. Ledama alimweleza yote, hata marobota aliyoongeza na mafuta aliyopunguza. Alitaka mkewe amtukane. Seleyian alichukua robota moja kutoka ndani, akaenda kuketi karibu na Nanyokie, akaanza kumlisha mkononi, ujiti kwa ujiti. Nanyokie alikubali kidogo, kisha nyasi zikabaki zinaning'inia mdomoni.

Alikufa kesho yake. Wengine walimfuata mmoja baada ya mwingine hadi boma likabaki tupu, na Ledama na mkewe wakachoka hata kuwachuna ngozi. Majirani waliorudi kutoka Chyulu walikuwa wamepoteza wengi njiani, lakini walirudi na kitu cha kuanzia. Walikuja kumpa Ledama pole. Hakuna aliyetaja gari, ingawa walikuwa wameegemea tairi zake.

Siku hizi Ledama analinda jengo linalojengwa Kitengela, nyumba za kupangisha. Anafungua geti lori za mchanga zikija. Mvua hatimaye ilinyesha, tena nyingi, na Seleyian, aliyebaki nyumbani, akampigia simu mchana akiwa kazini.

"Nyasi imefika magotini," alisema.

"Hata bomani?"

"Hata ndani ya boma."

Kwenye simu Ledama alisikia upepo, na panzi wadogo wakilia kwenye majani, na hakuna mlio mwingine wowote.

"Bado uko?" Seleyian akauliza.

"Niko."

Lori lilipiga honi nje ya geti, na yeye akabaki ameshika simu sikioni.