Wimbo Uliokatwa Jina

Uliza mtu yeyote hapa Lodwar, kuanzia sokoni mpaka daraja la Turkwel, Ekaale anafanya kazi gani. Utaambiwa hana kazi. Barre, mwenye duka linalotazamana na mlango wake, alishakata shauri zamani: yule kijana ni mzembe, anajifungia ndani mchana kutwa na hedifoni masikioni, anatikisa kichwa peke yake, na akitoka ni kununua maji na mkate. Wala usimlaumu Barre. Mtu anayeuza unga na sukari anajua kazi ni kitu cha kuwekwa kwenye mizani, na Ekaale hakuwa na cha kuweka.

Kumbe kazi alikuwa nayo, tena ya kumkondesha. Alikuwa anatunga muziki wa gemu, hizi gemu za kompyuta ambazo vijana wanazikodolea macho mpaka chai inapoa. Mchezaji akiingia msituni, kuna muziki wa msitu. Adui akinyemelea, ngoma zinaanza chini kwa chini kabla hajamwona. Akiokoka, zumari. Yote hayo mtu ameyatunga, na mtu mwenyewe yuko Lodwar chini ya bati la moto, feni imekufa, jasho linamtiririka mgongoni. Nani anajua? Hakuna. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ng'ambo, na wenzake wa kazi alikuwa akiwaona kwenye kioo tu, nyuso ndogondogo za watu waliovaa sweta.

Ufundi wenyewe aliupata Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Mkongo mmoja aitwaye Ilunga, mpiga kinanda wa kanisani aliyekuwa na kompyuta kuukuu na subira ya punda. Ilunga ndiye aliyemfundisha sharti kubwa la muziki wa gemu, kwamba hauna mwisho. Mchezaji anaweza kusimama mtoni sekunde mbili, anaweza kuinuka akaenda kula ugali akarudi, na muziki lazima umkute bado unacheza. Kwa hiyo unatunga kipande, halafu unaunganisha mkia na kichwa, kama mama anavyofunga shanga shingoni fundo lisionekane. "Muntu asisikie fasi ulishonea," Ilunga alikuwa akimwambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Akisikia, kazi yako inakufa." Ekaale aliyashika maneno hayo kuliko katekisimu.

Lakini jamani, mtu hutunga ili asikiwe. Ekaale alikuwa akisikiwa na maelfu ya watu asiowajua, na hapa nyumbani hakusikiwa hata na paka. Alikuwa mpweke, na upweke huo ulikuwa na jina la mtu. Alimtaka baba yake. Alitaka siku moja tu mzee asikilize, atikise kichwa, aseme: huyu ni mwanangu na hii ni kazi.

Mzee huyo aliishi Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, na aliitwa Apalongor. Hilo si jina alilopewa na mama yake. Longor ni maksai wake, wa rangi ya majivu, aliyemkunja pembe kwa mkono wake mwenyewe na kumvika kengele. Kwa Waturkana mwanamume hupata jina kutoka kwa maksai anayempenda, na apa maana yake ni baba. Basi dunia nzima ya kule ilimwita baba wa Longor. Hakuna aliyemwita baba wa Ekaale. Ekaale alipelekwa shule akiwa mdogo, hakupata maksai wala jina la maksai, na kama alimwonea wivu ng'ombe, alikuwa na sababu.

Na maksai ana wimbo. Mwenyewe anautunga na ni mali yake, kama fimbo yake. Wimbo wa Longor ulisimulia mvua aliyozaliwa nayo, kiangazi walichokivuka pamoja, na siku alipochukuliwa na wezi wa mifugo, mzee akafuata nyayo mpaka akamrudisha. Mwishoni mwimbaji anavuta pumzi, pumzi ndefu inayosikika, ndipo anamtaja maksai na kujitaja mwenyewe. Kila kitu kinakwenda kwenye jina hilo.

Sasa sikia alichofanya Ekaale. Mwaka mmoja alipokwenda nyumbani kusalimia, alitembea nyuma ya mzee aliyekuwa akipeleka ng'ombe kisimani, na simu ikiwa mfukoni mwa shati ilirekodi wimbo wote. Hakuomba ruhusa. Alijiambia ni kumbukumbu tu. Baadaye kampuni ikataka muziki wa gemu mpya, ya msafiri anayevuka jangwa peke yake. Ekaale alijaribu kila kitu, kila kitu kikawa kama maji ya kunawa. Ndipo akaichukua sauti ya baba yake.

Wimbo ulikuwa mrefu mno, kwa hiyo akaukata. Alichukua mwanzo, pale sauti inapopanda, mpaka pale mzee anapotaka kuvuta pumzi. Pumzi yenyewe akaiondoa, maana pumzi ndiyo mshono unaosikika, na akakiunganisha kile kipande na mwanzo wake. Kikawa laini kama mafuta. Kilichobaki, pamoja na jina, alikifuta kwenye simu na kwenye kompyuta, kwa sababu zote zilikuwa zimejaa na mtunzi hatunzi makapi. Fundi wa Ulaya angekata palepale, na angesamehewa. Huyu alikuwa mtoto wa boma.

Gemu ilitoka, na ikapendwa. Watu wasioijua Turkana hata kwenye ramani waliandika kwamba sauti ile imewaliza. Ekaale alisoma sifa hizo peke yake, akacheka peke yake, akaenda kwa Barre kununua soda. Barre akamuuliza kama amepata kazi.

Ndipo mzee akaja Lodwar. Alikuwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na daktari akamtaka akae karibu siku kadhaa. Akakaa kwa mwanawe, bandeji jichoni, juu ya ekicholong yake, kile kigoda ambacho usiku ni mto. Walikuwa hawana mazungumzo. Mzee aliuliza mvua, Ekaale akajibu mvua. Mzee aliuliza kama atanunua mbuzi, Ekaale akasema bado. Asubuhi moja Ekaale akaona akingoja zaidi atakufa na siri ya kazi yake. Akamvika mzee hedifoni juu ya kofia yake ya unyoya.

"Apa, sikiliza kazi yangu."

Mzee alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe, kisha akatabasamu, meno machache yote nje. Mguu ukaanza kupiga mchanga. Mikono ikainuka polepole ikawa pembe, zile pembe zilizokunjwa za Longor, kama wanaume wanavyozichora hewani wakicheza. Ekaale aliangalia mikono ile. Alikuwa amengoja hayo maisha yake yote.

Wimbo ukafika kwenye pumzi. Mzee akavuta yake, kifua kikajaa, mdomo ukafunguka kupokea jina. Wimbo ukaanza upya.

Mzee akakunja uso, akangoja. Akasikiliza tena mpaka palepale, akavuta pumzi tena, na wimbo ukamrudisha tena mwanzo. Safari iliyofuata hakuvuta. Mikono ilishuka moja moja, akavua hedifoni, akaziweka mapajani.

"Unaishia wapi?"

"Hauishi, Apa. Ndivyo muziki wa gemu ulivyo. Unazunguka."

"Na Longor?"

Ekaale akazima wimbo.

"Umemtoa bomani," mzee akasema, sauti ya chini kabisa, "umemtembeza njia yote, na majini hujamfikisha. Huyu anayeimba ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi ni nani?"

Swali hilo lina jibu ambalo hata mtoto wa Namoruputh anayeota meno angelijibu. Ekaale, kwa aibu, akachukua hedifoni mapajani mwa mzee.

"Wezi walipomchukua, waliacha nyayo," mzee akasema. "Hawa uliowapa wewe, nyayo zao ziko wapi nizifuate?"

Laiti angegomba. Kugombezwa ni nusu ya kusamehewa. Mzee hakugomba, alirudi kwenye mvua na mbuzi, na bandeji ilipotolewa akapanda lori la kwao akiona vizuri sana. Hakumwangalia mwanawe kwa jicho hilo jipya zaidi ya ilivyohitajika kuagana.

Chumba kilikuwa kimemzoea mtu mmoja, lakini sasa kilimkataa. Ekaale alifungua kazi, akaifunga. Mwisho akapanda gari la Kakuma kumtafuta Ilunga, maana hakuwa na mwingine duniani ambaye angeelewa kukata ni nini.

Njiani kuelekea kwa Ilunga alipita kibanda cha gemu, vijana wamebanana mlangoni, Wasomali, Wanuer, Warundi, kelele na mabishano ya lugha zote. Mmoja, mrefu, aliyeitwa Koang na wenzake, alikuwa akipiga mluzi huku akingoja zamu. Ulikuwa wimbo wa Longor. Aliufikisha kwenye mshono, akarudi mwanzo bila kupumua, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa na gemu. Ekaale alisimama pale juani. Kijana alimtazama mara moja, akaona ni mtu wa kupita tu, akaendelea.

Ilunga alimpokea kwa vicheko. "Nilisikia kazi yako, ndugu yangu! Mushono siuone! Sasa unalilia nini? Wimbo yako iko natembea mu dunia yote."

"Si wangu," Ekaale akasema, akamweleza.

Ilunga aliacha kucheka. Vidole vyake viligusa kinanda kilichozimwa. "Mimi ndiye nilikufundisha ile," akasema mwishowe. "Lakini sikukufundisha ukate baba. Andikia wale watu. Waombe waongeze mwisho."

Akaandika. Na wale watu wa sweta, lazima niseme, walikuwa waungwana. Walijibu kwamba wangefurahi. Mwishoni mwa gemu msafiri anafika, na pale wangeweka ubeti wa mwisho na jina la mwenye wimbo kwa sauti yake. Autume tu. Na autoe wapi? Aliufuta kwa mkono wake. Ulibaki mahali pamoja tu, kifuani mwa mzee.

Akaenda Namoruputh kwa pikipiki, akafika meno yamejaa vumbi. "Ejok," akasalimu. "Ejok," mzee akajibu, akampa chai ya maziwa. Ekaale alieleza yote, ng'ambo, msafiri, ubeti, na simu akaiweka mkekani, safari hii mbele ya macho ya watu. Mzee aliinywa chai yake mpaka tamati kabla ya kusema.

"Jina haliombwi. Jina linaitikiwa. Unakumbuka ngomani? Mwenzangu akinianzishia wimbo wangu, anaufikisha mpaka mlangoni pa jina, ananiachia pumzi, naingia. Kesho tunampeleka Longor kisimani. Anzisha wewe. Niachie nafasi, nitaingia, na hiyo simu yako isikie."

Ekaale alikaribia kulia kwa furaha. Hakuwahi kuimba na baba yake hata siku moja. Hili lilikuwa zaidi ya alilolifuata.

Asubuhi wakatoka. Longor alitangulia, amezeeka sasa, kiuno kimeshuka, kengele ikilia taratibu. Baba akafuata, na Ekaale nyuma. Akaanzisha. Sauti yake ilitoka nzuri, mpaka mwenyewe akashangaa, na mbele yake akaona mikono ya mzee inainuka kuwa pembe. Waliipita mvua. Wakakivuka kiangazi. Wakafuata nyayo za wezi. Mzee akajaza kifua.

Na Ekaale akarudi mwanzo.

Hakukusudia. Koo lake lilikuwa limeupita mshono ule mara maelfu, akiuchonga, akiusugua, akiusikiliza kama kuna ufa, na ufa aliufuta. Hapakuwa na mlango tena. Alitambua yuko kwenye mvua ya kwanza wakati pumzi ya baba yake inatoka bure.

"Nisamehe. Tena, Apa."

"Tena," mzee akasema kwa upole.

Safari hii alijiangalia kama mtu anayevuka daraja bovu. Alilijua neno la mwisho, akaliona linakuja, akajiambia simama hapo, simama. Mzee akavuta pumzi, hata Longor akageuza sikio. Na ulimi ukateleza, laini kama mafuta, ukaenda zake mwanzo.

Mikono ya mzee ilishuka. Alisimama akimngoja mwanawe amfikie, akamwekea mkono begani, na mkono huo ulikuwa mwepesi.

"Basi, mwanangu. Usijichoshe. Huo umekuwa wako, kaa nao. Mimi nitabaki na wangu."

Akamsemesha maksai, wakaendelea na njia.

Ekaale alibaki amesimama mchangani, simu mkononi bado inarekodi. Kisha akaanza tena, kwa sauti kubwa, kwa migongo ile miwili iliyokuwa ikienda. Aliimba mvua, akaimba kiangazi, akaimba nyayo. Alipofika kwenye neno la mwisho aliuma mdomo mpaka akaonja damu, na safari hii akanyamaza. Nafasi ilikuwepo, pana, mtu na maksai wake wangeweza kuingia pamoja.

Akangoja. Kule kisimani mzee alikuwa ameinama, anamwagia Longor maji, akimwambia mambo yao.